Kesi ya Tanuru Siku ya Posa

Eustache alimwahidi binti yake jambo moja tu: siku ya posa atakaa kwenye kiti chake, atasalimia wageni, na hatafungua kinywa kuhusu kiwanda. Aliahidi siku ya Jumapili, baada ya misa, wakiteremka kwa miguu kurudi nyumbani Batsinda, pembezoni mwa Kigali. Shimwa alimshika mkono akamrudisha nyuma hatua mbili, akahakikisha amesikia.

"Papa, siku hiyo ni yangu. Si ya majembe."

Mzee akasema amesikia. Akasema tena walipofika mlangoni, bila kuulizwa, na hapo ndipo Shimwa alipozidi kuogopa, maana baba yake si mtu wa kusema jambo mara mbili.

Ahadi ya namna hiyo haiombwi bila sababu. Sababu yenyewe ni ya miaka mingi.

Eustache alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda wakavuka mto Akagera wakiwa na godoro moja na jina la kilima walichokiacha. Shule aliishia darasa la nne. Alipofika umri wa miaka ishirini alipanda lori la mahindi mpaka Dar es Salaam, akaajiriwa kufagia kiwanda cha majembe, na mwaka wa tatu wakampa koleo. Alikaa na koleo lile miaka kumi na minne. Mwaka tisini na tano akarudi nchi ambayo hakuwahi kuiona, yeye na mkewe Annah na watoto wao, wakashuka Kigali na masanduku yao. Pale Gikondo, bondeni, alikuta kiwanda cha majembe cha serikali kimelala, majani yameota hadi kwenye mikanda ya mashine. Wengi wa waliokifanyia kazi kabla ya mauaji ya kimbari hawakuwepo tena wa kuulizwa hili linawashwaje, lile linafungwa wapi. Eustache na wenzake kumi walikaa miezi mitano wakibahatisha, wanafungua, wanapaka mafuta, wanafunga, mpaka asubuhi moja tanuru likawaka na mashine kubwa ya kugonga ikapiga pigo lake la kwanza. Watu wa mtaa wa juu walitoka nje kutazama.

Jembe ni kitu cha dharau kwa asiyelijua. Analiona chuma na mpini, basi. Hajui kwamba bapa likitoka tanuruni lina dakika yake. Likiwa bado halijaiva ukalichovya kwenye mafuta, litakuwa laini, litajikunja kwenye udongo mkavu kama sahani ya bati. Likipitiliza, litapasuka kwenye jiwe la kwanza. Kiwandani pale hapakuwa na kipimo cha joto. Kipimo kilikuwa jicho la Eustache. Aliijua rangi ile kama mpishi anavyojua maharage yameiva kwa harufu ya mvuke tu, akachovya, akatoa, akalirudisha motoni kwa upole ili lisiwe na hasira, akalitupa kwenye rundo. Majembe mia sita kwa siku, siku umeme ukikubali. Wakulima walikuja mpaka getini. Walitoka Ndera, walitoka Bugesera, wakisema wanataka jembe la Gikondo.

Haya yalidumu miaka minne.

Mwaka tisini na tisa waliingia kiwandani watu watatu: Wazungu wawili na kijana mmoja Mnyarwanda mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati. Kijana huyo aliitwa Mugenzi. Alikuwa amekulia Mwanza, kwa hiyo alizungumza na wafanyakazi kwa Kiswahili, nao wakampenda kwa hilo. Alipanda juu ya kreti akawaeleza. Serikali haina kazi ya kufua majembe, alisema. Kiwanda hiki kinakula kodi ya maskini. Ushuru wa majembe ya nje utaondolewa, majembe yataingia kutoka Asia kwa bei ya karibu nusu, na mkulima atashukuru. Kila nchi ifanye lile inaloliweza, na sisi tunaweza chai na kahawa. Mmoja akauliza, na sisi je? Mugenzi akajibu kwamba soko litawapatia nafasi nyingine. Soko. Alilitaja kama mtu anavyomtaja mjomba tajiri ambaye hakosi kukumbuka wapwa zake.

Wale Wazungu walitikisa kichwa kukubali kila alipomaliza sentensi, ingawa Kiswahili hawakukijua. Hawakuhitaji kukijua. Maneno yalikuwa yao, yalitoka kwao yameshapikwa, kijana alikuwa anapakua tu. Na hakuna aliyewauliza kama kwao pia viwanda vilikua kwa mtindo huo, kwa kuachwa getini vipambane na dunia vikiwa bado vinatambaa. Nani angeuliza? Mtu wa darasa la nne haulizi hivyo mbele ya watu wenye makabrasha.

Kiwanda kiliuzwa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Mnunuzi hakutaka majembe, alitaka jengo. Mashine akazitoa kama chuma chakavu. Na kwa kuwa mashine ya kugonga ilikuwa kubwa, haipiti mlangoni, wakamwita Eustache aikate kwa gesi, maana yeye ndiye aliyejua maungio yake. Akaikata. Siku tisa. Alisema baadaye kwamba siku ya kumi ndiyo iliyomshinda, aliamka alfajiri akavaa viatu vya kazi kabla hajakumbuka. Jengo likafanywa ghala, na ndani ya ghala, ndugu yangu, wakaweka majembe. Ya kutoka nje. Yamepangwa mpaka darini, pale pale tanuru lilipokuwa.

Ule ujuzi wa kukata kwa gesi ndio uliomlisha tangu hapo. Alihamia Batsinda nyumba za bei nafuu zilipojengwa, akafungua kibanda cha kuchomelea, akawa fundi wa mageti na grili za madirisha. Hakuna geti la mtaa ule asilolishika. Alisomesha watoto wanne kwa cheche. Shimwa ndiye kitinda mimba, aliyezaliwa kiwanda kikiwa bado kinagonga, na ndiye pekee kati ya watoto aliyekuwa akiisikiliza hadithi ya Gikondo hadi mwisho.

Sasa Shimwa akapata mchumba. Hirwa, kijana wa maabara ya zahanati moja ya Kicukiro, mpole, mwenye kucha safi. Eustache alimpenda siku ya kwanza kwa sababu aliuliza geti la uani limeunganishwaje bila kuonekana mshono. Baba yake Hirwa alikuwa amefariki, hivyo mshenga wao angekuwa baba mdogo, mtu mkubwa, mshauri wa mambo ya viwanda, anayealikwa hata Nairobi na Addis Ababa kusema. Hirwa, kwa kujivunia, akatoa simu amwonyeshe baba mkwe mtu huyo atakayekuja kumwombea.

Kwenye simu alikuwa Mugenzi. Mvi zimeingia, shati limekuwa suti, sauti ni ile ile. Alikuwa mbele ya ukumbi wa hoteli, akisema dunia imegeuka. Marekani inatoa mabilioni kujenga viwanda vya chipu za kompyuta kwake. Ulaya inalipia viwanda vya betri. Chuma cha mgeni kikitaka kuingia Marekani mwaka huu kinatozwa ushuru wa nusu ya bei yake. Sera ya viwanda imerudi, alisema, na imerudi kwa wakubwa wenyewe. "Walituambia serikali isiguse kiwanda," alisema Mugenzi wa kwenye simu, "leo wao wamevikumbatia vyao kwa mikono miwili. Tusidanganywe tena." Ukumbi ukapiga makofi.

Eustache akaomba aone tena. Kisha mara ya tatu. Hirwa alifurahi sana, akadhani amempata mzee anayependa habari za uchumi.

Kilichomchoma Eustache si kwamba mtu amebadili mawazo. Watu hubadilika, hata yeye aliwahi kuapa hatakula samaki. Kilichomchoma ni kumwona yule yule aliyesimama juu ya kreti leo akikaa upande wa waliosimama chini. Amejiweka kati ya waliodanganywa. Anaonewa huruma. Anapigiwa makofi mara ya pili kwa kazi ile ile, mara ya kwanza kwa kubomoa na sasa kwa kulilia kilichobomolewa.

Wiki ile alichomelea geti la mtu likapinda. Annah akamwambia Shimwa, Shimwa akamuuliza baba yake, na Jumapili ile ahadi ikaombwa ikatolewa.

Walifanya posa kwenye bustani ya kukodi kule Kicukiro, mahema mawili yakitazamana, wenyeji upande huu na wageni upande ule, na katikati nyasi tupu. Asiyezijua posa za Kigali anaweza kudhani amefika mahakamani. Baba wa binti hasemi. Anakaa mstari wa mbele kama picha, na anayesema kwa niaba yake ni msemaji wa ukoo. Msemaji na mshenga husimama na vipaza sauti, wakapigana kwa maneno. Ninyi ni nani, hatuwajui. Mmepotea njia. Na mwenyeji ana ruhusa, tena ana wajibu, kuzua ugomvi wa uongo: babu yenu alituvunjia kibuyu, shangazi yenu alitusemea vibaya kisimani. Mgeni akipewa kesi ya namna hiyo anapiga goti, anakiri kosa ambalo hakulitenda, analeta pombe, na pande mbili zinakunywa kwenye chungu kimoja kwa mirija. Watu wanacheka, wanapiga makofi. Ila kuna sheria moja ndani ya mchezo huo ambayo si mchezo. Kesi iliyonywewa imekufa. Hakuna mtu wa nyumba hizo mbili atakayeitaja tena, yeye wala mtoto wake.

Msemaji wa Eustache alikuwa jirani yake Nkusi, mwalimu mstaafu aliyekulia Uganda, mwenye ulimi wa wembe, aliyekwisha kuwaozesha mabinti wa watu zaidi ya thelathini. Nkusi alikuwa ameisikia hadithi ya tanuru mara nyingi kibandani, akiwa ameketi juu ya debe. Lakini aliisikia kama hadithi. Ahadi aliyopewa Shimwa hakuijua, hakuna aliyefikiri kumwambia. Asubuhi ile, wakipanga viti, mgeni mmoja akamdokeza kwamba mshenga wa leo, enzi za ujana wake, alikuwa mtu wa kuuza viwanda vya serikali. Nkusi akafurahi kama mpishi aliyeletewa pilipili. Akaona Mungu amempa kesi ambayo hakuna msemaji mwingine mjini aliyewahi kuwa nayo.

Basi wakaanza. Kinyarwanda kilikuwa lugha ya shughuli, ila Kiswahili kiliingia kila maneno yalipopata moto, maana wazee wa mahema yote mawili walikulia ng'ambo. Kesi ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe wa babu yao kula mtama wetu, ikajibiwa kwa utani kwamba ng'ombe yule alikuwa na adabu, alikula mstari mmoja tu. Watu wakalainika. Ndipo Nkusi akageuka, akamkonyeza Eustache, na kusema:

"Liko jambo la pili. Tulikuwa na tanuru letu Gikondo, linawaka. Akaja mtu wa nyumba yenu, kalamu mbili mfukoni, akalipulizia fuu, likazimika. Tangu siku hiyo tunalima kwa kucha. Leo mnataka binti yetu. Akifika kwenu atalima kwa nini?"

Mahema yote mawili yakacheka. Annah hakucheka. Aliushika mkono wa mumewe na kuukandamiza kwenye mkono wa kiti.

Mugenzi alirudisha mguu mmoja nyuma, kama mtu aliyekanyaga mahali penye maji. Macho yake yakapita kwenye hema la wenyeji, safu kwa safu, yakarudi kwa Nkusi. Alikuwa mzoefu. Akapiga goti moja kwenye nyasi, suti na yote, akakunjua mikono.

"Wazee wetu, tumekosa," alisema kwa sauti ya kuigiza kilio. "Ulikuwa ujana, na tulidanganywa na wageni. Tunaomba radhi. Chungu kije."

Makofi yalikuwa makubwa. Ngoma ikapigwa mara tatu. Chungu cha pombe ya ndizi kikaletwa katikati, kimevikwa jani la mgomba, mirija miwili mirefu imesimama ndani yake. Mugenzi akainuka, akapangusa goti, akashika mrija wake. Kwa upande wa wenyeji mnywaji ni baba wa binti. Nkusi akamwita Eustache kwa mbwembwe, na mzee akaondoka kwenye kiti akavuka nyasi.

Aliushika mrija wa pili. Ulikuwa karibu na midomo. Alinusa ile pombe, nzuri, iliyokaa siku zake. Mbele yake, umbali wa hatua moja, uso wa Mugenzi ulikuwa umeinama tayari kunywa, na macho yametulia, yamefurahi hata. Hapo Eustache akaelewa anachofanyiwa. Miaka ishirini na sita alingoja mtu yule apige goti, na sasa goti limepigwa kwa mzaha, mbele ya watu mia mbili, na kesi ya kweli inazikwa pamoja na kesi ya mtama. Akinywa, imekwisha. Hata kibandani kwake, juu ya lile debe, hataweza kuisema tena. Asiponywa, posa ya Shimwa inasimama.

Akaushusha mrija.

"Nkusi," alisema, "kesi hii iondoe. Si ya mchezo."

Watu wakaangua kicheko. Walidhani mzee anapandisha bei. Kutoka hema la wageni mtu akasema kwa sauti kwamba baba mkwe ana kiu ya kiwanda kizima, aongezewe chungu, na kweli kabla hajasema neno vijana wawili wakaleta chungu cha pili mbio mbio, wakakiweka kando ya cha kwanza. Ngoma ikapigwa tena. Eustache akangoja ngoma inyamaze. Akamgeukia mshenga akamuuliza kama anamkumbuka.

Mugenzi bado alikuwa anatabasamu. Alisema, kwa upole wa kumfurahisha mzee, kwamba mwaka ule walizunguka viwanda vingi.

"Viwanda vingi," Eustache akasema. "Mimi nilikuwa na kimoja."

Kipaza sauti cha Nkusi kilikuwa karibu, kikayachukua maneno yale mpaka nyuma ya mahema. Hapo vicheko vikaanza kupungua, kwanza kwa wazee. Vijana walichelewa kidogo.

Mugenzi alishusha sauti. Alisema hapa si mahali pake, watakutana, wataongea kama watu wazima. Eustache akajibu kwamba mahali amepachagua mwenyewe alipopiga goti. Basi yule bwana akalazimika kujitetea, na inafaa kusema kwamba hakujitetea kijinga. Alisema wakati ule hiyo ndiyo elimu iliyokuwepo, dunia nzima ilisema hivyo. Alisema majembe ya Gikondo yalikuwa ghali, mkulima wa Ndera ndiye aliyekuwa akiwalipa mishahara kwa jasho lake, na yeye Mugenzi alimfikiria mkulima huyo. Sasa elimu imebadilika, naye amebadilika nayo, kosa liko wapi?

"Haikubadilika chetu kilipokufa," Eustache akasema. "Imebadilika vyao vilipoanza kuugua."

Alikuwa hajapandisha sauti hata kidogo. Akaendelea kwamba mkulima wa Ndera anamjua, ni ndugu yake wa damu. Alifurahia majembe ya bei rahisi miaka miwili. Kisha bei ikapanda, na Gikondo ya kukimbilia haikuwepo. Akamuuliza mshenga kama aliwahi kurudi kumtazama yule mkulima aliyemfikiria sana.

"Mzee, unataka niseme nini?" Mugenzi akauliza.

"Sema ulikosea. Wewe. Uwaache wageni kwao."

Nyuma ya Mugenzi, kwenye safu ya kwanza ya hema la wageni, walikaa watu wa kazi yake, wenye miwani mizuri, wanaomwalika kwenye hoteli. Alitazama chini, akautazama mrija mkononi mwake. Ilikuwa sentensi fupi. Mtu angeweza kuisema huku anakohoa.

"Nilifanya kazi niliyotumwa," alisema.

Hirwa alikuwa amesimama chini ya mwavuli wa bwana harusi, akimtazama baba yake mdogo. Nkusi, mtu wa maneno, alikuwa anazungusha waya wa kipaza sauti kidoleni kama mwanafunzi aliyekamatwa. Na kutoka kwenye nyumba iliyo nyuma ya mahema, akatoka Shimwa. Hakuitwa. Bibi harusi haitoki mpaka aitwe, mpaka kesi zote ziishe, ndipo anatoka na wenzake kwa mwendo wa madaha. Yeye alitoka peke yake, mushanana, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, haujafungwa vizuri na pini ikining'inia, shangazi mmoja akimkimbilia nyuma na shanga mkononi. Wanawake wazee wakafunika midomo.

Alisimama pembezoni mwa nyasi.

"Papa, uliahidi."

Eustache alimtazama. Kisha akamgeukia Nkusi, si mshenga, na kusema taratibu, kila neno peke yake, kama anayeagiza vipimo vya geti:

"Binti natoa. Hirwa hana kosa, na sina neno naye. Ng'ombe wao napokea. Ila kesi ya tanuru iondoe kwenye posa. Isinywewe leo. Ni yangu, nitabaki nayo."

Jambo hilo halikuwa na mfano. Mama mmoja mzee wa upande wa Hirwa akasema kwa sauti kwamba nyumba mbili haziungani na kesi imelala kati yao kama mbwa. Mwingine akasema afadhali mbwa unayemwona. Nkusi alikuna kichwa. Lakini alikuwa mwalimu miaka thelathini na saba, alijua kufunga somo lililomshinda. Akakohoa kwenye kipaza sauti akatangaza kwamba jambo la pili lilitajwa kwa makosa yake yeye msemaji, limefutwa kwenye orodha, na vyungu virudi na waliovileta.

Vyungu viwili vilivyojaa vikabebwa kurudi upande wa wageni, na Mugenzi akatembea nyuma yake. Mshenga kurudishiwa pombe yake haijaguswa ni aibu ambayo Kigali inaisimulia mwezi mzima. Lakini hakuna aliyeweza kusema ameonewa.

Shughuli iliendelea, kama gari lenye gurudumu moja lililopungua upepo. Ng'ombe walitolewa, wakasifiwa na msifu ng'ombe aliyeruka nusu ya beti zake. Shimwa aliitwa rasmi, akatoka mara ya pili na wenzake, sasa kila pini mahali pake, akakumbatia wakwe, akagawa zawadi. Alipofika kwa baba yake alimvisha kofia mpya na kumkabidhi fimbo, kwa mikono miwili, kwa heshima yote, bila kumtazama usoni. Hema likapiga makofi kwa adabu.

Wakati wa kuondoka alimkuta ameketi peke yake, kofia mapajani. Akainama kama anayemuaga.

"Umenipa mume," alimwambia, "na kesi ya kwenda kuishi nayo humo ndani. Mimi sikuzima tanuru la mtu."

Eustache akasema ni kweli. Shimwa hakungoja aongeze.

Kwa majuma matatu yaliyobaki kabla ya ndoa ya kanisani binti hakumpigia baba yake simu, alipiga kwa mama yake tu. Nkusi alikuja kibandani kuomba msamaha akiwa na chupa ya asali. Alisamehewa siku hiyo hiyo, kwa sababu yeye alisema amekosea na akaishia hapo, hakumtaja mtu mwingine. Na kutoka kwa Mugenzi ikaja barua ya mwaliko, karatasi nene, imepigwa muhuri. Serikali inafikiria kiwanda cha zana za kilimo kwenye eneo jipya la viwanda, wataalamu wa nje watakuwepo, na mzee Eustache anaombwa afike hotelini atoe uzoefu wake kwa dakika kumi na tano. Aliisoma kwa shida, herufi kwa herufi, akamwomba Annah aisome tena kwa sauti. Alikaa nayo siku mbili. Hakuna ajuaye zile siku mbili aliwaza nini, lakini alionekana akilitazama bapa la jembe kuukuu la jirani, analigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akalitia mpini wake akamrudishia mwenyewe. Hotelini hakwenda. Alisema kama wanataka kujua rangi ya chuma kilichoiva, waje wao Batsinda, waketi juu ya debe.

Hawakuja.

Siku ya ndoa, kanisani, Shimwa alimshika baba yake mkono mpaka madhabahuni, maana hivyo ndivyo inavyotakiwa, na mkono wake ulikuwa mgumu kama mpini. Walipotoka nje wakapangwa kwenye ngazi kwa picha ya familia mbili. Baba wa binti huku, baba mdogo wa bwana harusi kule, wanandoa katikati. Mugenzi akatoa mkono kwanza, mbele ya watu wote. Eustache akaupokea, kwa sababu sasa ni mkwe, na mkwe hanyimwi mkono. Mpiga picha alitazama kwenye kamera yake, akainua kichwa, akawaomba wazee wawili wasogeane kidogo.

Walibaki walipo.